Uzi: Anafilaksia kwenye zahanati na vituo vya afya. Adrenalini kwanza, haidrokotizoni baadaye

DaktariKizota

Wakuu, salaam. Nafungua uzi huu kwa ajili ya mafunzo endelevu ya aleji na magonjwa ya kinga. Ni wa kila anayechoma sindano, anayetundika dripu au anayegawa dawa, kuanzia Mpwapwa mpaka Manyoni. Naanza na anafilaksia kwa sababu ndiyo aleji inayoua ndani ya dakika chache, na dawa yake ni ampuli moja ndogo inayotakiwa kuwepo hata zahanati ya kijiji. Shida ni mpangilio. Mkono unakwenda kwanza kwenye haidrokotizoni (steroidi), halafu promethazini (dawa ya aleji), na adrenalini inatafutwa mgonjwa akishaanza kupoteza fahamu.

Tuelewe kwanza kinachotokea mwilini. Seli za masti, yaani seli za kinga zinazohifadhi kemikali za aleji, zinamwaga histamini na kemikali nyingine nyingi kwa mkupuo. Mishipa ya damu inatanuka na kuvuja, kiasi kwamba hadi asilimia 35 ya ujazo wa damu mishipani inaweza kuhamia kwenye tishu ndani ya dakika 10. Njia za hewa zinabana, koo linavimba. Adrenalini inajibu yote hayo kwa pamoja: inabana mishipa, inafungua mapafu, inaupa moyo nguvu, na inazituliza zile seli zisiendelee kumwaga. Promethazini inazuia histamini peke yake, yaani inatuliza muwasho na mabaka, basi. Haidrokotizoni inafanya kazi kwa kubadilisha utengenezaji wa protini ndani ya seli, na hilo linachukua saa kadhaa. Mgonjwa wa anafilaksia hana saa kadhaa.

Utaitambuaje? Njia ya kwanza: mabadiliko ya ghafla ya ngozi au utando laini (mabaka ya kuwasha, midomo kuvimba, uso kuwa mwekundu), pamoja na angalau moja kati ya haya: shida ya kupumua, presha kushuka, au tumbo kukata vikali na kutapika mfululizo. Njia ya pili ndiyo inayosahaulika: mtu amekutana na kitu kinachoweza kuwa kisababishi, ndani ya dakika au saa chache presha ikashuka, au kifua kikabana kwa mluzi, au sauti ikakwama kooni, hata kama ngozi haina kitu. Mgonjwa 1 hadi 2 katika kila 10 hawana dalili ya ngozi. Ukisubiri mabaka utachelewa.

Dozi: adrenalini ya 1 mg kwa 1 ml, kwenye msuli, katikati ya paja kwa upande wa nje, 0.01 mg kwa kilo. Mtu mzima 0.5 ml. Mtoto wa kilo 10 ni 0.1 ml, wa kilo 20 ni 0.2 ml, wa kilo 30 ni 0.3 ml. Rudia baada ya dakika 5 kama hajabadilika. Si kwenye bega, si chini ya ngozi, wala usiisukume kwenye kanula (mrija wa mshipani). Utafiti wa watoto uliofanyika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa ikichomwa msuli wa paja inafika kileleni kwenye damu kwa wastani wa dakika 8, na ikichomwa chini ya ngozi inachukua dakika 34.

Sambamba na sindano: mlaze chali, inua miguu. Kama anahema kwa shida muache akae, lakini miguu inyooke mbele. Mjamzito alale ubavu wa kushoto. Asisimame, asitembezwe kwenda wodini au chooni. Kuna wagonjwa waliokufa sekunde chache baada ya kuinuliwa, kwa sababu damu iliyobaki inashuka miguuni na moyo unapampu ukiwa mtupu. Oksijeni kwa kasi ya juu. Kanula kubwa, maji ya chumvi 500 hadi 1000 ml yaende haraka kwa mtu mzima, mtoto 10 ml kwa kilo kisha mpime tena.

Ulizeni, tusahihishane.

Sista_Chamwino

Asante daktari. Swali la vitendo. Mtoto wa kilo 8 dozi yake ni 0.08 ml. Kwenye zahanati mara nyingi kuna mabomba ya 2 ml na 5 ml. Hiyo 0.08 inapimwaje? Wengine wanachanganya ampuli moja na 9 ml za maji ndani ya bomba la 10 ml, halafu wanachoma 0.8 ml.

FamasiaMakole

Sista, swali lako ndilo linaloua watoto, ngoja nilijibu taratibu.

Kuchanganya na 9 ml kunakupa 0.1 mg kwa ml, na hesabu yako ya 0.8 ml ni sahihi. Hatari ni kwamba sasa una bomba la 10 ml lililojaa adrenalini, halina lebo, kwenye chumba chenye taharuki. Mtu mwingine atalichukua akidhani ni maji ya kusukumia dawa. Kwa sindano ya msuli usichanganye. Tumia bomba la 1 ml lenye mistari ya 0.01. Liagizwe makusudi kwa ajili ya trei ya dharura, bei yake ni ndogo.

Ukiwa na bomba la 2 ml tu, lenye mistari ya 0.1, mchome huyo mtoto 0.1 ml. Zipo nchi ambazo mwongozo wao unampa mtoto yeyote kati ya miezi 6 na miaka 6 dozi moja ya 0.15 ml, kwa hiyo 0.1 kwa kilo 8 haina madhara. Kosa la kuogopa ni la nukta: 1.0 ml badala ya 0.1 ml. Anayevuta dawa aseme kiasi kwa sauti, na mwenzake alitazame bomba kabla halijachomwa.

Bomba la insulini: uniti 100 ni 1 ml, kwa hiyo uniti 10 ni 0.1 ml. Linapima vizuri, ila sindano yake ni fupi, kwa mtu mzima au mtoto mnene dawa itaishia kwenye mafuta. Litumike kwa kichanga tu, tena kama hakuna jingine. Lile bomba la chanjo linalojifunga, la 0.5 ml, kwa kawaida lina sindano ya bluu ya milimita 25, na linamfaa mtu mzima. Kwa mtoto halifai kwa sababu limetengenezwa kuvuta kiasi kimoja tu.

Na ukibadilisha sindano baada ya kuvuta dawa, toa hewa kwanza mpaka tone lionekane kwenye ncha, halafu soma mstari. Ukisoma kabla, kiasi kinachojaza kitako cha sindano mpya kinapungua kwenye dozi. Kwa mtu mzima si kitu. Kwa mtoto wa kilo 5 anayetakiwa kupata 0.05 ml, anaweza asipate chochote.

Sista_Chamwino

Nimekuelewa kaka. Hilo la kitako cha sindano nalibandika ukutani.

mchanjaji_Kongwa

Wakuu, upande wa chanjo shuleni. Wasichana wa chanjo ya HPV (ya saratani ya mlango wa kizazi) wanaanguka mmoja, wa pili anaona, naye anaanguka, walimu wanapiga kelele kuwa chanjo ina sumu. Tunatofautishaje kuzimia na anafilaksia bila mashine nyingi?

DaktariKizota

Kamata mapigo. Kuzimia kwa woga au maumivu: mapigo ni ya polepole, ngozi imepauka na ina jasho baridi, hakuna mabaka, kifua ni safi. Kunatokea sindano ikiwa inachomwa au ndani ya dakika chache tu, na ukimlaza na kuinua miguu anafumbua macho ndani ya dakika moja au mbili. Anafilaksia: mapigo ya haraka na dhaifu, mabaka au uso kuvimba, kukohoa, mluzi, kutapika, na kulala chali hakumrudishi. Mtoto mdogo sana chini ya mwaka mmoja hazimii kwa woga. Huyo akilegea baada ya chanjo, fikiria anafilaksia kwanza.

Ukiwa njia panda na hali inazorota, choma adrenalini. Dozi moja sahihi ya msuli kwa msichana aliyezimia itamletea mapigo ya haraka, kutetemeka na kichwa kuuma kwa dakika chache. Kumnyima mwenye anafilaksia kunaweza kumuua.

Kwa kuzuia mlolongo wa kuanguka: wachanjwe wameketi, wawe wamekula, sehemu ya kuchanjia isionekane kutoka kwenye foleni, na wakae dakika 15 chini ya kivuli mkiwaona. Anafilaksia ya chanjo ni takribani tukio 1 kwa kila dozi milioni, kwa hiyo karibu kila anayeanguka shuleni amezimia. Lakini trei iwe mezani, isiwe kwenye gari.

Mhenga_wa_Wodi

Naomba kupinga kidogo. Haidrokotizoni na promethazini tumezitumia miaka yote na wagonjwa wanapona. Mwongozo wa matibabu wa taifa nao unazitaja. Isije ikaonekana ni makosa kuzitoa.

DaktariKizota

Mzee wangu, shikamoo. Si makosa kuzitoa, makosa ni kuzitanguliza. Wengi wanapona kwa sababu aleji ya ngozi peke yake inapona hata kwa promethazini, na wachache wa anafilaksia mwili unatoa adrenalini yake wenyewe. Hao ndio wanaotupa imani. Wale ambao mwili haukutosha hatuwaoni tena kliniki.

Baraza la ufufuaji la Uingereza mwaka 2021 liliziondoa dawa za histamini kwenye matibabu ya awali ya anafilaksia, na haidrokotizoni likaacha kuipendekeza kwa kila mgonjwa. Promethazini ya mshipa ina madhara mawili hapa: inaweza kuishusha zaidi presha iliyokwisha kushuka, na inamlaza mgonjwa usingizi kiasi kwamba hujui kama amesinzia kwa dawa au ubongo unakosa damu. Ikitoka nje ya mshipa inaunguza tishu mpaka kidonda. Mtoto chini ya miaka 2 asipewe kabisa.

Kwa hiyo: adrenalini, mkao, hewa, maji. Presha ikishasimama, mabaka yanawasha, mpe setirizini ya kumeza. Haidrokotizoni ibaki kwa mwenye pumu ambaye kifua bado kinabana, au hali iliyogoma.

Tabibu_Bahi

Na sisi tunaopokea walioumwa na nyoka? Msimu wa kulima ukianza kifutu anakuwa wa kila wiki. Dawa ya sumu ya nyoka inatokana na farasi na inaleta aleji mbaya. Wengine wanafanya jaribio la ngozi kwanza, wengine wanatanguliza haidrokotizoni.

DaktariKizota

Tabibu, umegusa mahali pazuri, kwa sababu hapa kuna ushahidi wa moja kwa moja. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Sri Lanka wa wagonjwa zaidi ya 1000 wa kuumwa na nyoka. Walilinganisha adrenalini, haidrokotizoni na promethazini zikitolewa kabla ya dawa ya sumu. Adrenalini 0.25 mg chini ya ngozi kwa mtu mzima ilipunguza aleji kali kwa asilimia 43 ndani ya saa ya kwanza. Haidrokotizoni haikusaidia, promethazini haikusaidia, na haidrokotizoni ilipoongezwa juu ya adrenalini, faida ya adrenalini ikapotea. (Hii ndiyo sehemu pekee ambapo adrenalini inakwenda chini ya ngozi, kwa kinga. Mgonjwa akishapata aleji, ni msuli wa paja.)

Jaribio la ngozi liachwe. Halitabiri nani atapata aleji, linapoteza muda, na lenyewe linaweza kuleta aleji.

Utaratibu: vuta adrenalini ya matibabu kwenye bomba, weka lebo, iweke kando ya kitanda kabla ya kufungua kichupa cha kwanza. Changanya dawa ya sumu kwenye maji ya chumvi, takribani 5 ml kwa kilo, iende kwa dakika 30 hadi 60. Keti naye, dakika 10 za mwanzo usiondoke. Akianza kujikuna, kukohoa kikohozi kikavu au kutapika, funga dripu, choma adrenalini. Akitulia anza tena polepole. Usiiache dawa ya sumu njiani kwa sababu ya aleji iliyotibika, sumu bado iko mwilini.

Kuna baridi kali na homa inayokuja saa 1 au 2 baadaye bila mabaka wala mluzi. Hiyo inatokana na uchafu wa kutengenezea dawa, tibu kwa parasetamoli na maji. Halafu ipo ya tatu, kwa kawaida wiki moja hivi baada ya dawa ya sumu, mgonjwa akiwa ameshaondoka: homa, viungo kuuma, mabaka, mitoki. Ni ugonjwa wa seramu, kinga inapambana na protini ya farasi. Mpe klofenamini (dawa ya histamini) siku 5. Isipotulia ndani ya siku 1 hadi 2, pridinisoloni (steroidi ya kumeza) 5 mg kila saa 6 kwa siku 5 kwa mtu mzima. Mwambie kabla hajaondoka, maana asipojua atarudi akitibiwa malaria au taifodi.

Tabibu_Bahi

Asante sana daktari. Swila na koboko je, utaratibu ni ule ule?

DaktariKizota

Upande wa aleji ni ule ule. Koboko analemaza misuli ya kupumua, kwa hiyo ukiona mgonjwa anashindwa kuhema kope zikiwa zimelegea, usikimbilie kusema ni aleji. Anahitaji kupuliziwa hewa.

Asali_Manyoni

Naomba tuguse nyuki. Huku Manyoni na Itigi warina asali ni wengi na watu wanaletwa wameumwa mara nyingi mno.

FamasiaMakole

Ndugu, kuna vitu viwili tofauti na matibabu yanatofautiana.

Aleji: hata mwiba mmoja unatosha. Mabaka mwili mzima, koo, presha. Adrenalini kama ilivyoelezwa juu. Uvimbe mkubwa wa mkono alipoumwa, hata ukifika kiwiko, si anafilaksia.

Sumu: miiba mamia. Hapa hata asiye na aleji anaweza kufa. Kiasi kinachotajwa kuua ni takribani miiba 20 kwa kila kilo ya mwili, maana yake mtoto wa kilo 12 yuko hatarini kwa miiba 240, na matatizo ya figo yanaanza mapema zaidi ya hapo. Sumu inapasua misuli na chembe nyekundu, mabaki yanaziba figo. Angalia mkojo: ukiwa rangi ya chai nzito au soda nyeusi, mpe maji ya kutosha, pima kreatinini, mlaze angalau saa 24 hata kama anaonekana mzima. Promethazini haiondoi sumu hii.

Miiba itolewe mara moja kwa njia yoyote iliyo karibu, kucha au kisu. Ule mjadala wa kukwangua badala ya kubana haumsaidii mgonjwa, kifuko kinamaliza kusukuma sumu ndani ya sekunde chache. Kinachohesabika ni haraka.

Kitabu_cha_Dawa

Mimi nataka tuzungumzie ile alama nyekundu kwenye faili: "ana aleji ya penisilini". Inaandikwa kwa wepisi mno. Mtu alipewa amoksilini akaharisha, anaandikiwa aleji. Mtoto alikuwa na virusi akatoka vipele, anaandikiwa aleji. Wakipimwa sawasawa, zaidi ya 9 kati ya 10 wenye alama hiyo hawana aleji. Matokeo yake wanapewa dawa za gharama na zenye wigo mpana maisha yao yote, na mjamzito mwenye kaswende anakoseshwa penisilini ambayo ndiyo inayomlinda mtoto tumboni.

Ulizeni maswali haya. Ilitokea lini: ikiwa ni ndani ya miaka 5, alama 2. Kulikuwa na anafilaksia, uso kuvimba, au ngozi kuvuka vikali: alama 2. Alihitaji matibabu: alama 1. Jumla chini ya 3 ni hatari ndogo, na hospitali yenye daktari na trei kamili inaweza kumpa dozi moja ya amoksilini ya kumeza na kumwangalia saa 1. Zahanati isijaribu hilo, iandike historia vizuri na kumwelekeza. Ngozi iliyovuka na midomo kuchubuka, hata kama ni miaka 20 iliyopita, haijaribiwi popote.

Seftriaksoni, antibiotiki ya jamii jirani, kwa mwenye aleji ya penisilini: muundo wa tawi la molekuli yake ni tofauti na wa penisilini, uwezekano wa kugongana ni mdogo, chini ya 2 kwa 100. Sefaleksini na ampisilini ndizo zinazofanana tawi, hizo muwe waangalifu. Na jaribio la kuchoma tone la seftriaksoni kwenye ngozi kwa kila mgonjwa, tuliache. Linaleta majibu ya uongo pande zote mbili na linampa mchomaji amani isiyo na msingi.

Mhenga_wa_Wodi

Hapo kwenye seftriaksoni nakubaliana nawe kijana, na naongeza mambo mawili. Mtoto wa selimundu aliyechomwa seftriaksoni, ndani ya dakika au saa chache akapauka ghafla, mgongo unauma, mkojo mweusi: hiyo si anafilaksia, ni kinga inayopasua damu. Simamisha dawa, asipewe tena maishani, tafuta damu haraka. Pili, dripu ya Ringa isiende mstari mmoja na seftriaksoni, kalsiamu yake inaganda nayo. Kwa hiyo ukimfufua mgonjwa aliyepata aleji katikati ya seftriaksoni, shika maji ya chumvi.

DaktariKizota

Shukrani mzee, hilo la selimundu huwa linapita bila kutambuliwa.

Na kuna wa benzathini (sindano ya penisilini inayokaa mwilini muda mrefu), wagonjwa wa moyo wa rumatiki wanaokuja kila mwezi. Vifo vya ghafla baada ya sindano hiyo vinaogopesha watumishi mpaka wanakataa kuichoma. Mwaka 2022 chama cha moyo cha Marekani kilitoa ushauri kwamba vifo vingi vya hao vinafanana zaidi na moyo uliochoka kushindwa kuhimili maumivu na kushuka kwa presha, kuliko aleji. Kwa hiyo mwenye valvu zilizobana au kuvuja sana, au moyo unaopampu kwa udhaifu, apewe penisilini ya kumeza, 250 mg mara mbili kwa siku. Wengine waendelee na sindano: wawe wamekula na kunywa maji, wachomwe wamelala, wabaki wamelala kidogo baada ya hapo.

CTC_Kondoa

Je, kotrimoksazoli, antibiotiki ya kinga? Mteja wa CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU) ametoka vipele, anaihitaji.

Kitabu_cha_Dawa

Angalia macho, mdomo na sehemu za siri. Kukiwa na malengelenge, kuchubuka au homa kali, ndiyo mwisho wake na kotrimoksazoli, hakuna kuzoeza. Vikiwa vipele vya kawaida, simamisha, subiri wiki 2 vipone, kisha mzoeze kwa dawa ya maji ya 240 mg kwa 5 ml: siku ya 1, 2 ml. Siku ya 2, 4 ml. Siku ya 3, 6 ml. Siku ya 4, 8 ml. Siku ya 5, kidonge kimoja cha 480. Siku ya 6 na kuendelea, viwili. Dawa ya histamini aanze siku moja kabla. Vipele vidogo visikutishe, vikali simamisha. Takribani 7 kati ya 10 wanafanikiwa. Kama yuko kwenye nevirapini (dawa ya VVU) au ameanza dawa mpya nyingine karibuni, hakikisha kwanza mwenye kosa ni nani.

Sista_Chamwino

Mmeongelea dozi ya pili ya adrenalini baada ya dakika 5. Ikigoma hata ya pili? Kutoka vijijini mpaka hospitali ya rufaa ni mwendo.

DaktariKizota

Endelea na msuli kila dakika 5, na maji, mtu mzima anaweza kuhitaji lita kadhaa. Kituo chenye daktari na mashine ya presha kinaweza kuanza dripu: ampuli 1 ya 1 mg ndani ya 100 ml za maji ya chumvi, ikianza na 0.5 ml kwa kilo kwa saa. Mgonjwa wa kilo 60 ni 30 ml kwa saa. Kwa seti ya matone 20 kwa ml ni matone 10 kwa dakika, kwa bureti ya matone 60 ni 30. Presha ipimwe kila dakika chache, kwenye mkono usio na dripu hiyo. Dalili ikipungua, punguza. Chupa iandikwe ADRENALINI kwa herufi kubwa. Zahanati isifanye hivi, ibaki na msuli.

Jiulize pia kwa nini amegoma. Kisababishi bado kinaingia? Dripu ya dawa imefungwa kweli, au imepunguzwa tu? Ameketishwa? Anatumia propranololi au atenololi (dawa za presha na moyo)? Hao adrenalini haiwafikii vizuri, na glukagoni ndiyo dawa yao, 1 hadi 5 mg kwenye mshipa polepole, ingawa si vituo vingi vyenye nayo. Na mwenye presha anayetumia kaptopili au enalapili akija ulimi umevimba, hana mabaka, hawashwi, huyo si histamini. Adrenalini inaweza isimsaidie, linda njia ya hewa, mpe rufaa mapema na dawa hiyo asiiguse tena.

Rufaa: alale kwenye gari, muuguzi awe na ampuli zisizopungua 3 mfukoni. Kwa mjamzito piga 115 ya m-mama (usafiri wa dharura wa wajawazito) wakati dozi ya kwanza inachomwa, usisubiri uone.

Asali_Manyoni

Akitulia anakaa muda gani kabla ya kuruhusiwa?

FamasiaMakole

Saa 6 kwa uchache. Aliyehitaji dozi mbili, mwenye pumu, au anayeishi mbali, alale mpaka asubuhi. Dalili zinaweza kurudi bila kisababishi kipya. Na mwenye pumu isiyodhibitiwa, hasa miezi hii ya upepo na vumbi, ndiye anayekufa kwa anafilaksia kuliko wengine, kwa hiyo usimruhusu bila kurekebisha pumu yake. Kama hana speisa (chombo cha kati ya inhela na mdomo), chupa ya maji ya 500 ml iliyotobolewa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa inhela, ukingo ukafungwa kwa plasta, inafanya kazi vizuri.

Aondoke na karatasi yenye jina la dawa au kitu kilichomdhuru, tarehe, dalili zilizotokea na dozi alizopata. "Aleji ya sindano" haimsaidii mtu. Tukio la dawa lijazwe kwenye fomu ya njano ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) siku hiyo hiyo, na namba ya bechi iandikwe. Msitupe kichupa.

mchanjaji_Kongwa

Swali la mwisho kwangu. Ampuli za adrenalini tunazihifadhije kwenye joto hili? Zikae kwenye jokofu la chanjo?

FamasiaMakole

Hapana, hazihitaji jokofu na zisigande. Chini ya nyuzi 25, gizani, ndani ya boksi lake. Mwanga na joto vinaiharibu: ikigeuka ya pinki au kahawia, au ikiwa na chembe, imekufa, tupa. Isikae dirishani, isikae kwenye pikipiki ya huduma za mkoba kutwa nzima. Ibebwe kwenye kiboksi kilichofunikwa, ndani ya begi, pembeni ya chanjo na si juu ya barafu.

Trei yenyewe: ampuli 5, mabomba ya 1 ml 5, sindano za bluu 10, kanula za kijani na za pinki, seti 2 za dripu, maji ya chumvi lita 2, barakoa ya oksijeni ya mkubwa na ya mtoto, kipumulio cha mkono, na kadi ya dozi kwa kilo iliyoandikwa kwa mililita, si kwa miligramu. Anayeingia zamu ndiye anayehesabu na kusaini. Kabati lenye kufuli ambalo ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda nyumbani halihesabiki kama trei.

mchanjaji_Kongwa

Kwa mililita. Hiyo kadi naiandika leo, naipiga picha na kuiweka hapa muikague kabla haijabandikwa.